Mto Wangu Kwenye Kiti cha Vestina

Ukishuka basi Makambako njia panda ukauliza aliko Vestina Mlowe, utaambiwa ni yule wa kompyuta, mkabala na duka la Mama Yasmini. Mama Yasmini ni mimi. Duka langu la vitenge, sukari na sabuni za mche nililifungua miaka ile ya ruksa, kila mwenye dirisha la barabarani alipokuwa analigeuza duka. Vestina alikuja baadaye, akapanga chumba cha ng'ambo ya barabara. Naanza na hilo ili ijulikane ni nani aliyemkuta mwenzake.

Nitamweleza alivyo. Chumvi sitatia, na sukari ya kumgawia bure sina.

Kwao ni upande wa Uwemba, huko juu ambako mwezi wa saba mtu akisalimia moshi unamtoka mdomoni. Baba yake alikuwa akibandua magome ya miwati ya kupeleka kiwandani, na vidole vyake vilibaki vyeusi mpaka anazikwa. Vestina alimaliza darasa la saba kama mimi tu, halafu akaenda kwa masista. Walimfundisha kupiga chapa, kufuma sweta na kunyamaza. Yale mawili ya kwanza yanamlisha. Hilo la tatu ndilo lililokuja kunitesa mimi.

Nadhiri hakufunga. Sokoni kila mtu ana sababu yake ya kueleza kwa nini alitoka, na nyingine hazifai kuandikwa. Nilipomuuliza mwenyewe alisema kengele zilikuwa nyingi, akaendelea kufuma. Jina la Sista lilimfuata lakini, na hata makuli wa stendi wanaoswali safu ya mbele wanamwita hivyo. Ni mwembamba, mrefu, shingo kama ya mtu anayechungulia ukuta. Uzuri wake si wa kuangusha baiskeli. Nilimkagua vizuri, maana nilikuwa na sababu.

Kompyuta aliipata kwa bruda mmoja wa Kijerumani, mzee aliyekuwa akipanga vitabu vya sala katika misheni fulani ya huko juu. Vestina alikuwa mkono wake wa kulia kwa miaka mingi. Bruda alipozeeka akarudishwa kwao, akamwachia mashine, printa, boksi la flopi na kitabu cha maelezo kinene kama tofali la kuchoma. Vestina akavipakia juu ya lori la viazi, amevizungushia blanketi lake, yeye mwenyewe akaketi nyuma kwenye baridi avishikilie, akashuka navyo Makambako kwenye watu na pesa.

Siku hizi Njombe mjini vijana wamefungua vyumba vya kompyuta zenye rangi, unasukuma kipanya na ukurasa unauona palepale. Ya Vestina ilikuwa kioo cheusi na herufi nyeupe, basi. Anaandika maneno yako, na katikati ya maneno anachomeka amri, kila amri inaanza na mkwaju, kile kijiti kilichoegemea nyuma. Hapa herufi ziwe nene. Hapa mstari ukae katikati. Hapa lugha ibadilike. Ukichungulia unaona mikwaju na mabano tu, kama ua wa miba. Akimaliza anafunga, anaandika jina la programu na jina la kazi, anabonyeza enta, na kioo kinaanza kukimbiza mistari. Kikikuta kosa kinasimama na kuweka alama ya kuuliza, kimya, kama mama mkwe aliyefunua chungu. Kisipolikuta, printa inaanza kulia kama cherehani yenye shetani, na karatasi inatoka imenyooka pembe zote.

Sala zake zilikuwa na Kilatini kushoto, Kiswahili kulia na Kibena chini, kila lugha na mavazi yake. Waluteri wakampelekea ratiba zao. Chama kipya cha siasa kikampelekea katiba yake, na kile cha zamani kikapeleka majibu. Wateja wangu wakaanza kununua sukari nusu wakiwa wamegeuza shingo, wakisikiliza printa. Huo ulikuwa wivu wangu wa kwanza, wa biashara, na wivu wa biashara ni mwepesi. Unapunguza bei ya sabuni unalala.

Wa pili ulikuja na Maulidi.

Msikiti mpya wa mtaa wetu ulikuwa umeezekwa, na kamati ikapanga kuufungua kwa Maulidi makubwa, wageni watoke Njombe, Songea na Iringa. Maalim Issa, mwalimu wa madrasa, alikuwa na kasida zake alizozitunga ujanani, ameziandika kwa mkono wake kwa Kiarabu, na macho yalikuwa yamemwingia ukungu hata hawezi tena kuzisoma. Akataka zichapwe kabla hajafa. Kila mgeni awe na kijitabu mkononi: Kiarabu juu, Kiswahili chake chini, na Kibena kwa ajili ya ndugu wa vijijini waliosilimu karibuni. Wachapaji wa Dar es Salaam walisema wangoje hadi baada ya mfungo. Ndipo katibu wa kamati akavuka barabara kumuuliza Sista, na Sista akasema flopi ya Kiarabu anayo, bruda alimwachia, hajawahi kuitumia.

Katibu wa kamati ni Abasi. Abasi ni mume wangu.

Tatizo lilikuwa moja, na ndilo lililonikosesha usingizi. Programu ile haikutaka herufi za Kiarabu. Ilitaka Kiarabu kiandikwe kwa herufi zetu hizihizi za a be che, kutoka kushoto, na yenyewe ndiyo ikigeuze, ikiunganishe, ikiweke nukta, ikianzishe kulia. Vestina Kiarabu hajui hata alifu. Kwa hiyo lazima mtu akae ubavuni mwake amsomee, neno kwa neno, yeye aandike. Kamati ikamteua Abasi, kwa kuwa Isuzu yake ya kubebea mbao ilikuwa imelala gereji ikisubiri giaboksi, naye alikuwa nyumbani akihesabu mabati.

Mimi ni binti wa mwalimu wa chuo, Ujiji. Nilimaliza juzuu zangu kabla sijajua kusuka nywele, na baba akipata homa mimi ndiye niliyekuwa nashika bakora. Hakuna aliyenikumbuka. Nami sikujitaja, nilijua kazi ni ya siku mbili tatu.

Ikawa kila siku baada ya alasiri. Mlango wa Vestina upo wazi, pazia limefungwa kando, hakuna wa kusema kitu, na mimi nipo dukani nawaona wote wawili, migongo kwangu, vichwa karibu. Abasi, ambaye kwangu akiketi dakika tano anaanza kuuliza ufunguo uko wapi, alikuwa anakaa hapo mpaka adhana ya magharibi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilimsikia hadi ng'ambo, anasoma polepole, kwa mwendo, analainisha. Anasema neno, anangoja. Anarudia. Mwanamume huyu mimi alinioa kwa kikohozi na ishara ya mkono.

Ubaya zaidi, alikuwa anakuja kunihadithia. Anakula ugali wangu huku akinieleza maajabu ya mwingine. Sista ameandika amri moja tu mistari yote imehamia kulia. Sista ananawa mikono kabla ya kugusa kibodi, na hakuambiwa na mtu. Sista amekutana na alama ya kuuliza, hakukasirika, amefungua kitabu, amejibu. Nikamwambia hata mimi ningekuwa naulizwa kwa alama tu, bila maneno, nisingekasirika. Akasema sijaelewa. Nilielewa sana.

Siku moja nilikuwa natafuta mto wangu, ule mwekundu nilioudarizi maua kwa uzi wa kijani nikiwa na mimba ya Yasmini, ukaao kwenye kiti cha sebuleni ambacho wageni hawaruhusiwi. Haupo. Nikauliza watoto, hawajui. Nikatoka kufungua duka, nikainua macho, nikauona. Ulikuwa ng'ambo ya barabara, maua yangu yote, chini ya makalio ya Vestina.

Ema alikuwa ameketi barazani kwangu na viazi vyake. Ema ni mke wa mzee wa kanisa la Kiluteri, Mbena wa hapahapa, ana ulimi ambao ungetosha wanawake watatu na kubaki. Akafuata macho yangu.

"Mama Yasmini," akasema, "huyo Sista anafundishwa kusoma, au mumeo anafundishwa kukaa?"

Nikamwambia apime viazi. Akasema anapima. Halafu akaongeza kwamba kwao Wabena mwanamke akipelekewa kigoda kutoka nyumba nyingine, wazee huanza kupika pombe ya harusi.

Jioni nikamuuliza Abasi habari za mto, akajibu bila kunitazama kwamba Sista mgongo unamuuma, kiti chake ni mbao tupu. Nikasema masista hulala juu ya mbao, amezoea. Akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa langu. Kisha, akiwa anavua viatu, akauliza kama kile chumba cha uani ninachowekea magunia kinaweza kuingia kitanda cha futi nne.

Mwanamke wa umri wangu hahitaji kuchorewa. Sheria inamruhusu wa pili, najua. Nimeisoma kabla yake. Na mwanamke wa Kitabu, Mkristo kama yule, hana haja hata ya kusilimu. Niliona yote kwa mara moja: Sista uani kwangu, na kioo chake cheusi, anafuma, amenyamaza, na nyumba nzima inasifu kimya chake huku mimi naonekana redio iliyoharibika kitufe. Maalim Issa alishadokezwa. Mkewe aliniambia alipokuja kununua mafuta ya taa, akaniambia kwa huruma, na huruma ya mke wa mtu ni pilipili.

Kesho yake nilifunga duka mchana kweupe. Nikajifunga khanga kiunoni, nikavuka. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, makubwa mbele, madogo nyuma.

Nilipofika mlangoni hawakuniona. Abasi alikuwa amefumba macho. Karatasi za Maalim zilikuwa magotini mwake na hazitazami. Anaimba kasida kwa kichwa, anapiga paja taratibu, anayumba, kama yupo kwenye safu ya Maulidi na watu mia. Vestina yupo juu ya mto wangu, kichwa kimeinama upande wa sikio, vidole vinakimbia. Hamtazami hata kidogo. Alikuwa anamsikiliza kama mtu anavyosikiliza maji yakijaa kwenye ndoo, ajue wakati wa kufunga bomba.

Mezani kulikuwa na kurasa zilizokwisha toka. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Na hapa lazima niseme haki: zilikuwa nzuri. Herufi za Kiarabu zimesimama kama zimechongwa, Kiswahili chini yake, Kibena kwa herufi za kulala. Nilipata uchungu kifuani, na uchungu ule haukuwa wa Abasi. Mimi nimejua herufi hizo maisha yangu yote na sijawahi kuzifanyia kitu kizuri namna ile. Yeye hazijui, na zinamtii.

Basi nikazisoma, nitafute ubaya. Nikaukuta kwenye ukurasa wa kwanza.

Kasida ina kiitikio. Msomaji anasoma ubeti, watu wanaitikia, anasoma mwingine, wanaitikia. Maalim, kama kila mwalimu, ameandika kiitikio mara moja tu, juu kabisa, maana nani asiyejua kwamba kinaitikiwa? Abasi naye hajawahi katika maisha yake kusikia ubeti usiofuatwa na watu. Kwa hiyo akisoma ubeti anajiitikia mwenyewe, na mdomo wake haujui kwamba umefanya hivyo. Vestina ameandika vyote. Baada ya kila ubeti, kiitikio. Kiarabu chake, Kiswahili chake, Kibena chake. Kijitabu kilikuwa kimevimba kama mkate uliosahauliwa juani, na rimu za kamati zilikuwa karibu kwisha hata nusu ya kasida hawajafika.

"Baba Yasmini," nikasema.

Akafumbua macho. Alinyanyuka nusu, akakaa tena, kama mtu asiyejua kama amefumaniwa au ametembelewa.

"Hebu nionyeshe hapo Maalim alipoandika kiitikio."

Akapekua. Akakionyesha, juu kabisa. Nikamwambia anionyeshe na vingine. Akapekua tena, muda mrefu kuliko zilivyokuwa karatasi.

"Si kinajulikana kinaitikiwa," akasema.

"Kinaitikiwa na watu. Karatasi ina mdomo?"

Vestina akageuza kiti. Aliniamkia kwanza kwa Kibena, kamwene, kama kawaida yake, halafu akazitazama kurasa, akamtazama Abasi, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika, ingawa kwa Vestina kukasirika ni kukunja kidole kimoja. Akaeleza kwamba kwao Wakatoliki litania huandikwa hivyohivyo, kila jina la mtakatifu na "utuombee" yake mbele, hadi mwisho wa ukurasa. Aliposikia maneno yaleyale yanarudi akajua Waislamu nao wana litania, akaona ni sawa, akaandika. Abasi akasema hata yeye alipozisoma kurasa aliona ni sawa. Bila shaka. Zilikuwa zimeandikwa kama masikio yake.

Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa kazi yote itaanza upya, kamati itapiga kelele, na kiti kitavunjika na waliokikalia. Lakini Vestina akageukia kioo chake, akapanda juu kabisa ya maandishi, akanionyesha mstari mmoja kwa kidole.

"Nilivyoona neno hilo linarudi nililipa jina fupi," akasema. "Baada ya lile la juu sikuwa naliandika lote, naliita kwa jina tu. Nikilifuta maana yake hapa, huko chini kote linaondoka."

Akafuta. Akaandika jina la programu, jina la kazi, enta. Mistari ikakimbia, haikuuliza kitu. Printa ikalia, karatasi ikatoka, na vile viitikio vyote havipo, beti zimesogeleana kama hazijawahi kutengwa. Kilichobaki ni kile kimoja cha juu.

Kwangu mimi kosa la siku moja nalifuta wiki nzima. Na huyu anafuta kwa mstari mmoja, halafu anapangusa meza. Nilimwonea wivu mpaka nikahisi ulimi mchungu, na hapohapo maneno yangu yote niliyoyapanga yakapotea, likabaki moja tu.

"Sista, nakuuliza mbele yake. Unamtaka huyu?"

Abasi akaanza kukohoa. Akasema hayo si mambo ya kuzungumza hapa, kwamba yeye alikuwa na maongezi yake ya baadaye, ya heshima, kupitia kwa Maalim. Amejisema mwenyewe. Vestina akamsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kama anasomewa.

"Baba Yasmini," akamwambia, "mimi nimetoka kwenye nyumba ya wanawake wengi wenye Bwana mmoja. Sijaitoka ile niingie yako."

Kisha akanigeukia mimi, na uso ni uleule. "Ninachotaka ni msomaji, Mama Yasmini. Huyu anasoma amefumba macho. Kama unaye mwingine, mlete, huyu mchukue. Umeme leo unakatika jioni."

Nimetukanwa na watu wenye vipaji, hapa na Ujiji. Sijawahi kusikia mume wangu akirudishwa mkononi mwangu kama chenji. Niliudhika kwa niaba yake. Nikamwambia Abasi ainuke. Akainuka. Nikamwambia Isuzu yake huko gereji inamngoja. Akachukua kofia yake akatoka, na barazani kwangu nikamsikia Ema akimuuliza kama darasa limefungwa.

Nikaketi mimi. Nikachukua karatasi za Maalim, nikazisogeza kwenye mwanga, nikasoma kama baba alivyonifundisha, herufi na irabu yake, bila mwendo, bila kuyumba, kila neno limesimama peke yake. Vestina aliandika maneno machache akasimama. Nikadhani nimekosea.

"Hivyo," akasema. "Hivyohivyo."

Nilikuwa sijasifiwa kusoma tangu baba afe.

Tulimaliza kasida zote, jioni kwa jioni, tukikimbizana na mgawo wa umeme. Siku ya tatu nilimwambia ule mto ni wangu. Akasema anajua, maua aliyatambua, aliyaona sebuleni alipokuja kununua uzi kwangu. Akainuka anipe. Nikakaa juu yake jioni moja. Mbao yake ikamuumiza mgongo akawa anaandika polepole, kazi ikachelewa, nikamrudishia kwa hasira. Alinifundisha kuandika amri ndogondogo. Nikaona ni rahisi, nikaandika ukurasa mzima mwenyewe, na kioo kikakimbia mpaka mwisho wa kitabu kikasimama na alama yake ya kuuliza: nilikuwa nimefungua mabano juu sikuyafunga, kikaenda kuyatafuta hadi mwisho. Vestina akasema, "Ukifungua, funga." Hakuwa anasema habari za mdomo wangu, najua, lakini niliwaza siku nzima kama hakuwa.

Chumba cha uani nilikiongezea magunia, nikayapanga mpaka darini.

Maulidi yakaja. Wageni wakajaa hadi barabarani, malori ya mbao yakabidi yazungukie stesheni ya reli. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, kila mmoja na kijitabu, na wale wa vijijini wakisoma Kibena chao kwa sauti, wanacheka kwa kuona lugha ya mama zao ndani ya msikiti. Ubeti ulipokwisha tukaitikia. Hakuna aliyekitafuta kiitikio kwenye karatasi. Nilimtazama Abasi kwa upenyo wa pazia: ameshika kijitabu wazi, macho amefumba.

Maalim Issa alipewa nakala yake akaipapasa kwa vidole, kurasa zote, kama anatafuta alikoishia. Akashukuru. Akamshukuru katibu Abasi kwa jitihada. Akamshukuru fundi Vestina, ambaye wazee walimwomba asogee mlangoni waonane naye. Alikuwa nje na Ema, wana sahani ya pilau. Watu wakamtazama mlangoni pale na shingo yake. Ukurasa wa mwisho nao uliandikwa hivyo: mtunzi Maalim Issa, msimamizi Abasi, mpangaji Vestina Mlowe. Mimi sipo. Pilau yangu ilinishinda.

Nilimvukia kesho yake asubuhi kabla hata sijafungua duka. Nikamuuliza jina langu liko wapi, mimi niliyesoma kasida nzima kwa koo langu. Vestina alikuwa anabadilisha utepe wa printa, vidole vyeusi kama vya baba yake.

"Mimi huandika ninachosomewa," akasema. "Ukurasa wa mwisho ulinisomea nani?"

Ni mimi niliyemsomea. Nilisoma jina la Maalim, nikasoma la Abasi kwa kuuma meno, nikasoma la kwake, nikanyamaza nikingoja mtu aniulize. Naye hajawahi kuuliza kitu katika maisha yake. Hiyo kazi ameiachia mashine.

Giaboksi lilipatikana, Abasi akarudi kwenye safari zake za Dar es Salaam. Aliporudi mara ya kwanza aliniletea mto mpya, wa dukani, wa kitambaa kinachoteleza. Niliuweka kwenye kile kiti chenye marufuku. Naona ananitazama kila nikivuka barabara baada ya alasiri, na siku moja aliuliza ninachokifuata huko kila siku. Nilimjibu kwamba ni maongezi yangu ya baadaye.

Maana kazi zimekuja. Songea walitaka dua zao, Iringa wakataka kitabu cha watoto wa chuo. Kutoka Njombe alikuja ustadhi mmoja kijana, ndevu zimechanwa vizuri, amekuja na karatasi zake na sauti yake mwenyewe ya kusomea. Nilikuwa napima sukari nikainua macho, nikamwona ameketi ubavuni mwa Vestina, vichwa karibu, anasoma kwa kulainisha. Mteja wangu nilimwacha na mizani inaning'inia. Nilimwambia yule ustadhi kiti kina mwenyewe. Akasema aliambiwa hakuna mtu. Nikamwambia sasa yupo, na kwamba hiyo herufi aliyoisoma ina shadda juu yake, inakazwa, arudie. Aliondoka baada ya chai.

Vestina alingoja mpaka nimeketi.

Juzi kaanza kusema kwamba Njombe mjini kuna chumba kizuri karibu na ofisi za wilaya, vumbi halifiki, mashine itapumzika. Anasema hivyo huku anaandika. Nimemwambia huko kuna vipanya na rangi, nani atakuja kutazama kioo cheusi. Nimemwambia tena kwamba msomaji hahamishwi kwa flopi. Akaandika jina la programu, jina la kazi, akabonyeza enta, akakunja mikono. Mistari ikaanza kukimbia, nami nikasogeza kiti tukaitazama wote wawili, kama itafika mwisho au itasimama kuuliza.